Risasi Zilizobaki

Jumanne ile Liège ilinyeshewa tangu alfajiri,
na jumba la makumbusho lilikuwa na wageni wanne,
mmoja amesinzia.
Nilikaa kwenye kiti changu, chumba cha tatu,
viatu nimevivua, soksi zinakaukia miguuni.

Akaingia mvulana wa miaka kumi na miwili hivi,
koti lake likidondosha maji juu ya sakafu niliyoipiga deki.
Hakusoma kibao hata kimoja.
Alipita kabati hadi kabati akiziita kwa majina
kama mtu aliyerudi kwao baada ya likizo:
“Hii ninayo. Hii ninayo. Hii niliiuza, inaruka mno.
Hii mpaka ufike ngazi ya arobaini.”

Timéo, alisema nilipomuuliza jina, Timéo Vanstraelen,
macho hayabanduki kwenye kioo.
Kisha akanyoosha kidole:
“Bibi, hapa mmekosea. Haibebi risasi ishirini.
Kumi na tatu.”

Miaka kumi na mmoja nimekilinda chumba hiki.
Kabla yake, miaka ishirini na sita, kule Herstal,
niliinamia benchi nikisugua kwa tupa
kipande kimoja tu cha bastola ile ile,
kidogo kama jino la mtoto,
vipande mia tatu kwa siku,
na sikuwahi kujua inabeba ngapi.

“Na hiki?” nikamwonyesha kipande changu.
Akakitaja. Akataja na kazi yake.
Marehemu mume wangu, miaka thelathini kitanda kimoja,
jina hilo halikuwahi kumtoka mdomoni.
Niliona aibu, halafu fahari,
halafu sikujua ninaona nini.

Basi nikamchokoza:
“Tuseme umepiga tano, ukajaza upya.
Zile nane zilizobaki, zinakwenda wapi?”
“Zinarudi.”
“Zinarudi wapi?”
“Kwenye hesabu. Pale chini, kona ya skrini.”
Akaisogeza kona hiyo hewani kwa kidole
kana kwamba nami ninaiona.

Tuna bastola moja mfu kwenye droo,
imezibwa risasi ya chuma mtutuni,
ya kushikwa na watoto wa shule.
Nikampa.
Mkono ukashuka naye akashuka nao,
bega likafuata, akacheka, kisha akaacha kucheka.
“Nzito.”
“Na haina kitu.”
Akainusa. “Inanuka kama cherehani.”
Mafuta, nikamwambia. Hata mikate yangu ilinuka hivyo.

“Bibi, wewe ulishawahi kupiga?”
Sijawahi.
“Hata mara moja?”
Hata mara moja, mwanangu.
Tukasimama, mabingwa wawili,
mmoja wa dole gumba kwenye kitufe, mmoja wa dole gumba kwenye tupa,
na kati yetu kile kidude hakina habari nasi.

Ndipo akauliza, bila ubaya,
kama mtoto anavyouliza bei ya mkate:
“Zile ulizotengeneza, zilikwenda wapi?”

Alhamisi lilikuja lori.
Msimamizi wetu, Fernand, alilamba ncha ya penseli,
akaandika tarakimu kwenye daftari la kijani,
akalifunga, nasi tukaenda kunywa kahawa.
Mia tatu kwa siku. Sijawahi kuzidisha.
Shuleni hesabu nilikuwa wa kwanza.

“Kwenye hesabu,” nikamjibu.
Akatikisa kichwa, ameridhika,
jibu lile analijua.

Saa kumi na moja mama yake alimpigia simu.
Akaondoka mbio, akasahau glavu moja,
akaacha dimbwi la maji mbele ya kabati namba kumi na saba.
Nilileta deki.
Kisha nikachukua kalamu ya wino,
nikakata ishirini, nikaandika kumi na tatu,
mwandiko wangu wa kiwandani, ulionyooka,
na mkono, sijui kwa nini,
ukataka kuendelea kuandika.